Tupeane uzoefu: muda ulivyokuanzishia mazoezi au ulivyokuachisha

Mkimbiaji wa Jioni: Ndugu zangu, tangu nilipohamishiwa kitengo kinachofunga kazi usiku sijaweza kukimbia kama nilivyozoea, na jambo hili linaniuma kwa sababu mbio za jioni ndizo zilizokuwa zikinituliza moyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au makali kwa dakika 75 hadi 150. Ukizigawa zile 150 kwa siku saba unapata dakika 21 na ushei, kiasi kinachoonekana kidogo mno kumshinda mtu. Hata hivyo takwimu za shirika hilohilo zinaonyesha kwamba mwaka 2022 takribani asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani watu wapatao bilioni 1.8, hawakukifikia. Naomba kila mmoja aeleze: muda umemfanyia nini?

Zamu ya Usiku: Swali lako limenikumbusha jambo ambalo sikuwahi kulisimulia. Nilifanya kazi kiwandani, na zamu zetu zilibadilika kila wiki: wiki hii asubuhi, ijayo mchana, inayofuata usiku kucha. Wenzangu wa mbio walikutana alfajiri, kwa hiyo kila nilipotoka zamu ya usiku nilipitiliza moja kwa moja kuungana nao, kwa kuwa nilijua kwamba nikifika nyumbani na kuketi sitainuka tena. Siku moja msimamizi alituongezea saa nyingine mfululizo kwa sababu waliopaswa kutupokea hawakutokea, nami nikatoka nikiwa sijafumba jicho tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Tulipokuwa tukipanda mlima miguu ilikuwa mizito, kisha masikio yakaziba, na ninachokumbuka baada ya hapo ni sauti za wenzangu wakiniita jina huku mmoja wao akiwa ameinua miguu yangu juu. Daktari aliyenipima alinieleza kwamba moyo ulikuwa salama, ila mwili ulikuwa umenyimwa usingizi kwa muda mrefu, na akanikataza kukimbia baada ya zamu ya usiku kabla sijalala. Kwa ratiba ile, katazo hilo lilimaanisha kuachana na kundi langu. Niliachana nalo, na hadi leo nikiwaona watu wakikimbia pamoja alfajiri nahisi uchungu.

Winga wa Kulia: Pole sana, ndugu. Zamu za namna hiyo ndizo zilizonitoa nami katika mpira.

Nidhamu Kwanza: Pole kwa yaliyokupata, lakini naomba tusiwape watu kisingizio. Kila binadamu ana saa 24, na wengi wanaolalamika kukosa muda hukesha na simu hadi usiku wa manane. Mtu akiamka saa kumi na moja alfajiri, hakuna mkubwa wa kazi wala mgeni atakayemwingilia.

Mama wa Mapacha: Ndugu Nidhamu Kwanza, wewe ukitoka saa kumi na moja, nani anabaki na watoto wako? Mimi saa hiyo huwa nimeshaamshwa mara kadhaa, na si kwa kengele ya simu. Ni kweli kwamba kila mtu ana saa 24, ila si kila mtu anayeamua zitumikeje. Katika takwimu alizozitaja mwenye uzi, wanawake ambao hawakufikia kiwango walikuwa asilimia 34 na wanaume 29, nami sishangai hata kidogo. Nilirudia mazoezi pale mume wangu alipokubali kwamba jioni za Jumanne na Alhamisi ni zangu, na kwamba hatanipigia simu kuuliza nguo za watoto ziko wapi. Nidhamu yangu ilikuwa ileile ya siku zote.

Nidhamu Kwanza: Dada, kuhusu watoto wadogo nimekuelewa. Kwa asiye na mtoto wala zamu, msimamo wangu haujabadilika.

Ngazi Kila Siku: Naomba turudi kwa Zamu ya Usiku. Je, uliumia kichwa ulipoanguka? Ushauri wangu kwako na kwa mwenye uzi ni kufanya mazoezi kwa vipande vifupi. Zamani ilielekezwa kwamba kipande kisichofika dakika kumi hakihesabiwi, lakini mwongozo wa 2020 uliondoa sharti hilo. Mtafiti wa afya Jerry Morris na wenzake walikwisha kuonyesha mwaka 1953 kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Ngazi zile zilikuwa sehemu ya kazi yao, si saa waliyoitenga kwa mazoezi.

Mnyanyua Vyuma: Napinga. Ngazi pekee hazitoshi, kwani mwongozo huohuo unataka mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Wiki yangu imejaa, basi yote nayaweka Jumamosi na Jumapili, tena jioni, kwa sababu kwa watu wengi joto la mwili hufikia kilele wakati huo na misuli huwa na nguvu zaidi.

Nidhamu Kwanza: Ya jioni huahirishwa. Alfajiri!

Mstaafu: Wanangu, mimi nilipokuwa kazini niliamini kwamba nikistaafu nitafanya mazoezi kila siku, kwa kuwa muda ndio niliokuwa nikiulilia. Nilipostaafu nikapata siku nzima, na kila siku nilisema nitatembea baadaye, mpaka giza likaingia. Kilichonitoa nyumbani ni kikundi cha wazee kinachoanza saa moja kamili asubuhi, ambako usipofika unafuatwa. Kwa hiyo mwenye muda tele naye anahitaji saa maalumu na watu wa kumngoja.

Zamu ya Usiku: Nimewasoma nyote, ahsanteni. Kichwa hakikuumia, nilichubuka mkono tu. Siku hizi nina zamu moja isiyobadilika, ya mchana, inayonifikisha nyumbani usiku sana, hivyo alfajiri ya Nidhamu Kwanza ndiyo saa yangu ya kulala. Kazini tuko ghorofa ya nne, na ngazi nitazianza wiki hii. Aliyoyasema mzee kuhusu watu wa kumngoja mtu ndiyo hasa ninayoyakosa, kwa hiyo kama kuna mwingine hapa ambaye hupata nafasi saa nne asubuhi, naomba aniandikie tupange siku.