Nimeandika kurasa 14 za utaratibu wa ghala la samaki, hakuna anayezifuata. Nimekosea wapi?

BintiGhala (Malindi)

Assalaam aleikum, na habari zenu wote.

Nasimamia ghala dogo la samaki hapa Malindi, mali ya ami yangu. Asubuhi tunanunua kwa wavuvi, tunapima, tunatia barafu, kisha tunasambaza: mahoteli, mama karanga (wakaanga samaki) wawili watatu, na mzigo ukiwa mkubwa tunapeleka Mombasa. Tuko watu saba. Miaka yote utaratibu ulikuwa kichwani mwa ami. Ukitaka jambo unamuuliza, anakujibu, kazi inaendelea. Tangu mwaka jana goti linamsumbua, hafiki pwani kabla ya saa nne, na funguo nimeachiwa mimi.

Nikaona niandike. Nilisomea biashara chuoni na najua kazi isiyoandikwa huondoka na mwenyewe. Nikakesha siku tatu, nikatoa kurasa 14 zenye vichwa na nambari. Nikaitisha kikao, nikawasomea wote kwa sauti, kisha nikatundika faili karibu na mizani. Huu ni mwezi wa pili. Juu faili imejaa magamba, ndani ni safi kama siku niliyoileta.

Wiki iliyopita hoteli moja iliturudishia kilo 46 za jodari. Mpishi alikata, akanusa, akakataa. Nilipouliza, kila mtu alikuwa amefanya kazi yake. Mpokeaji alipokea. Kijana wa barafu alitia barafu. Karani aliandika. Dereva alipeleka. Hakuna aliyesema uongo, watu hawa nimekua nikiwaona. Na bado samaki kaharibika mikononi mwetu.

Kipande cha mwongozo kinachohusika ni hiki: "Samaki wote wapokelewe, wakaguliwe na kupimwa ipasavyo. Ihakikishwe kuwa barafu imewekwa mara moja. Kumbukumbu zitunzwe. Usambazaji uanze 10:00."

Nimeshauriwa nichore kwanza ramani ya kazi, ile ya visanduku na mishale. Nimeichora kwenye kompyuta, imetoka nzuri, ila inasema yaleyale. Naanzia wapi? Kufoka siwezi na sitaki. Nataka tu samaki asiharibike.

MzeeWaMapokezi

Waaleikum salaam binti yangu. Pole kwa mzigo.

Nimesimamia mapokezi ya kiwanda cha samaki kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kosa lako nimelifanya. Ulichochora ni ghala unavyolidhania ukiwa umekaa kitini. Kesho alfajiri chukua daftari, saa na penseli (wino utalowa). Chagua jodari mmoja, mfunge uzi mwekundu mkiani, umfuate tangu mashua inapotia nanga hadi anapopakiwa garini. Umfuate samaki, usimfuate mtu. Mtu akikuona unamtazama atachapa kazi kuliko siku zote, na wewe utaandika siku ambayo haipo.

Kila linalompata samaki, weka alama. Ziko tano. Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanza kazi kama fundi wa kujenga kwa matofali, na mkewe Lillian, waliwasilisha chati za namna hii mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani mwaka 1921. Mwaka 1947 chama hicho kikasanifu alama tano, na ndizo nilizofundishwa. Duara ni kazi inayombadilisha samaki: kumpasua, kumtoa mashavu, kumtia barafu. Mshale ni kumhamisha. Mraba ni kumkagua au kumpima. Pembetatu ni kumhifadhi. Herufi D ni kungoja. Kando ya kila alama andika saa, na nani alikuwa naye.

Sasa itazame ile D. Jodari, nguru na vibua wana tabia yao. Wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na ikishaingia haitoki. Kupika hakuiondoi, kugandisha hakuiondoi. Anayekula huwashwa mwili, uso humwiva, kichwa kikamgonga. Na si lazima samaki anuke, kwa hiyo mshukuru sana huyo mpishi. Maduara yako yote yanaweza kuwa sawasawa, na samaki akaharibikia kwenye D, mahali ambapo kwa macho ya kila mtu hakuna kosa linalofanyika.

Siku hiyo usirekebishe chochote. Andika tu, halafu njoo utuambie.

MsahihishajiLamu

Dada, mimi ni wa Lamu, kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya ofisi. Habari ya ghala siijui, lakini hicho kipande nimekisoma mara tatu na nimeona mambo ambayo siwezi kuyanyamazia.

"Wapokelewe, wakaguliwe, ihakikishwe." Na nani? Kiswahili cha maofisini kimetuzoesha huu mtindo wa kutendwa. Masikioni una heshima, ila unamficha mtendaji. Watu saba wakisoma "ihakikishwe", kila mmoja anawawazia wale sita. Mtaje mtu kwa kazi yake, kisha umpe kitenzi: "Mpokeaji akague mashavu." Na hilo "ipasavyo" lifute. Anayejua inavyopasa halihitaji, asiyejua halimfundishi.

"10:00" je, ni saa ngapi? Wewe umeandika ukiwa na maana ya saa nne asubuhi. Mwenye kuhesabu saa zetu atasoma saa kumi. Andika kwa maneno, uweke asubuhi au jioni.

Lakini kinachonitia wasiwasi hasa ni "mara moja". Wewe ulikusudia papo hapo. Neno hilohilo pia lina maana ya kutorudia. Nakuomba, nenda kwa huyo kijana wa barafu umuulize, kwa upole, yeye alielewa nini.

UboraWatamu

Naunga mkono wote, naongeza machache. Kurasa 14 hudaiwi na yeyote. Hata ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, toleo la 2008 lilidai mwongozo wa ubora na taratibu sita zilizoandikwa. Toleo la 2015 limeyaondoa masharti hayo na kwa sehemu kubwa linakuachia uamue mwenyewe kipi kinafaa kuandikwa.

Ukishamfuata samaki, chora karatasi ukiigawa kwa mistari kama vichochoro, kila mtu na kichochoro chake. Popote mshale unapovuka mstari, kazi imebadilisha mikono, na hapo ndipo ninapokuta matatizo karibu kila mara. Ila Mzee, samaki mmoja mimi naona hatoshi. Afuate wa siku ya mzigo mdogo na wa siku ya mzigo mkubwa. Wakati wa kusi mashua chache zinatoka, ghala linaonekana halina kasoro.

BintiGhala (Malindi)

Nimerudi, na nitaandika kirefu kidogo, mniwie radhi.

Jumanne nilimfuata jodari wa kilo tisa. Mashua ilitia nanga saa 12:40 asubuhi. Saa 12:55 yuko mizanini. Saa 1:05 kalazwa kwenye kreti kivulini, juu yake gunia lililoloweshwa maji. Barafu ilimfikia saa 3:20. Saa mbili na robo za kungoja, Mzee. Nimesimama pale na daftari mkononi, D moja tu, nikijizuia nisiseme neno kama ulivyoniagiza.

Nikarudi nyuma kuulizia. Kijana wa barafu hawezi kwenda kununua barafu bila pesa. Pesa anatoa karani. Karani hafungui mkoba mpaka ajue bei ya siku, kwa sababu gharama ya barafu hukatwa kwenye hesabu ya ununuzi. Bei anataja ami. Zamani ami alikuwa amesimama pale pale kwenye mizani, anatamka bei, dakika mbili zimeisha. Sasa yuko nyumbani, anaamka na kunywa dawa, ndipo anashika simu. Mshale ule unavuka mstari na kwenda hadi chumbani kwa ami, na katika kurasa zangu 14 hakuna hata sentensi moja inayomtaja. Sikumtaja kwa sababu ni ami. Sikumuona kama sehemu ya kazi.

Halafu "mara moja". Nilimuuliza kijana. Akanijibu bila ubishi wowote: "Si ulisoma barafu iwekwe mara moja, dada? Naweka mara moja." Kumbe kabla ya mwongozo alikuwa akiongeza kila inapoyeyuka. Aliacha baada ya kile kikao. Nilikuja hapa nikilalamika kwamba hakuna anayefuata nilichoandika, na yeye alikuwa anafuata. Nimemuomba radhi mbele ya wenzake.

Nimetoa faili. Nimeandika kadi moja, nimewasomea, wameniambia wapi hawaelewi, nimeandika upya mara nne. Iko hivi:

JODARI, NGURU NA VIBUA
Karani: kila jioni kabla ya kufunga, mpe kijana wa barafu pesa ya barafu ya kesho. Usingoje bei.
Kijana wa barafu: barafu iwe ghalani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.
Mpokeaji: samaki akitoka mizanini, mtie barafu kabla hujapokea mwingine. Kilo moja ya samaki, kilo moja ya barafu iliyopondwa. Chini, katikati na juu.
Kijana wa barafu: kila baada ya saa moja, funua kreti. Ukiona ngozi ya samaki, ongeza barafu.
Dereva: kreti ambayo ngozi inaonekana, usiipakie. Mwite mpokeaji.
Kwa nini: samaki hawa wakipata joto huingia sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

MsahihishajiLamu

"Iwe ghalani" imerudi ofisini tena. Andika "leta barafu ghalani". Mengine yote yamekaa vizuri, na ile "kwa nini" usiiondoe hata ukikosa nafasi.

MzeeWaMapokezi

Umefanya kazi ya kweli, binti yangu. Sasa nikuulize moja. Umeme ukikatika usiku na mwenye barafu hana barafu, mashua hizo zinakuja. Mpokeaji afanye nini, na kwa amri ya nani? Kadi yako inajua siku njema peke yake.

BintiGhala (Malindi)

Nimelipeleka swali lako kwa ami jana baada ya maghribi, nikiwa na kadi mkononi. Nilikuwa na hofu, kwa sababu wavuvi wengine tumeshawapa pesa za mafuta na nyavu, na kukataa samaki wao si jambo dogo. Alivaa miwani, akaisoma yote kimya, akarudia. Aliuliza nani kaamua habari ya pesa ya jioni. Nikamwambia ni sisi saba. Akaomba penseli.

Chini kabisa, kwa mwandiko wake wa kuegemea kulia, ameongeza: "Barafu isipofika, mpokeaji asinunue jodari wala nguru wala vibua. Anipigie simu niongee na manahodha mwenyewe, hata nikiwa nimelala."

Alhamisi, mzigo ukiwa mkubwa, namfuata samaki wa pili. UboraWatamu, nitaweka saa zake hapa.