Programu ya Kodi inayojifungua yenyewe kwenye Linux: tupeane uzoefu

Mtu wa Chake
Asalaam aleikum. Kompyuta yangu kuukuu ya mezani nimeitia Ubuntu (aina mojawapo ya mfumo wa Linux) nikaifunga kwenye televisheni ya ukumbini. Nilitaka ikiwashwa tu Kodi, ile programu ya kuchezea video na muziki, ifunguke, maana bibi hana muda wa kubofyabofya. Ikawa inafunguka, lakini kaswida zote nilizoziweka kwenye diski ya nje hazipo! Ukiifunga na kuifungua tena, hizo hapo. Niliifuta nikaipakia upya mara 3, kazi bure. Kumbe Kodi ilikuwa inawahi kabla mfumo haujaishika diski ya nje. Nikaiandika diski kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kuunganishwa mfumo ukiwaka, kwa UUID yake (namba ya kuitambulisha), na neno nofail ili siku isipokuwepo kompyuta isigome kuwaka. Nyie wenzangu yamekukuteni yepi?

Bint Jang'ombe
Hapo kwenye nofail angalia, ndugu yangu. Mfumo unaendelea kuwaka bila kuisubiri diski. Yangu ni nzito kuamka, tatizo likarudi vilevile. Nilifungua faili la Kodi lililomo ~/.config/autostart, folda la programu zinazojifungua zenyewe, kwenye mstari wa Exec (wa amri ya kuifungua) nikaandika sh -c "sleep 15; kodi". Sekunde 15 natia chai kikombeni.

Mtu wa Chake
Ahaa! Ndiyo maana juzi imenifanyia tena. Ahsante dada.

Mvuvi wa Mkoani
Mie langu sauti. Umeme ukikatika ukirudi, kompyuta inajiwasha yenyewe, televisheni inangoja rimoti. Kompyuta haioni kitu kwenye HDMI (waya wa kwenda kwenye televisheni), sauti inapelekwa kwenye tundu la spika ambazo hata sina. Picha ipo, watu wanafungua midomo tu kama samaki. Dawa yangu ya kivivu: nawasha televisheni kwanza.

Kijana wa Wete
Mie kioo cheusi, kisha inarudi kwenye dawati. Nilihangaika na maelezo ya kale yanayosema logi, faili la kumbukumbu za programu, imo ~/.xbmc. Folda hiyo sina! XBMC, jina la zamani la Kodi, liliachwa mwaka 2014, sasa ni ~/.kodi/temp/kodi.log. Na ukishaifungua tena baada ya kuanguka, soma kodi.old.log, ndiyo yenye habari za mara iliyopita. Nikalibadilisha jina folda la .kodi likawa .kodi-zamani, programu ikafunguka safi kabisa. Basi mwizi yumo ndani ya folda, na alikuwa programu-jalizi moja niliyoichukua ovyo mtandaoni. Nikarudisha folda langu, nikaitoa hiyo peke yake. Maktaba yote salama.

Bint Jang'ombe
Walioipakia Kodi kwa Flatpak (njia nyingine ya kupakia programu kwenye Linux) wasiitafute logi hapo. Yao imo ndani ya ~/.var/app/tv.kodi.Kodi.

Mtu wa Chake
Nimeweka zile sekunde 15. Leo asubuhi kaswida zimetoka mara ya kwanza. Bibi ameuliza mbona siku hizi inachelewa.