Betri ya N100 ya pili inakufa, shida ni betri au ni mimi?

Kinyozi_Sengerema:
Wakuu, naombeni msaada. Nina saluni ya kiume kijijini huku Sengerema, nguzo za umeme zimeishia shuleni. Natumia paneli moja ya wati 80, betri ya N100 (ampea-saa 100) ya maji, kontrola (kile kifaa cha kusimamia chaji ya betri) ya ampea 10 na inveta ndogo. Mzigo ni mashine mbili za kunyolea, taa tatu za wati 5 na TV ya inchi 24, ambayo siku ya mechi haizimwi. Betri ya kwanza ilikaa miezi tisa. Hii ina miezi saba, na saa mbili usiku inveta inaanza kulia. Asubuhi kabla ya jua mita inasoma volti 11.9. Fundi aliyenifungia kaja juzi, kaongeza asidi, kasema betri za siku hizi feki. Nikinunua nyingine si yatakuwa yaleyale?

FundiJua:
Yatakuwa yaleyale. Mchana saa nane, umewahi kuona kontrola inasoma volti 14 na pointi?

Kinyozi_Sengerema:
Sijawahi mkuu. Mwisho 13.2, tena jua la kuunguza.

FundiJua:
Basi hiyo betri haijashiba muda mrefu sana. Paneli ya wati 80 ikijitahidi inatoa ampea 4 na nusu. Jua la maana tulipe saa tano: ampea-saa 22, nyingine zinapotea njiani, zinabaki kama 19. Sasa matumizi ya siku ya mechi: TV wati 30 kwa saa sita ni 180, mashine 75, taa 60, na inveta nayo inakula yake. Unafika kama 360, gawanya kwa 12, ampea-saa 30. Unaingiza 19 unatoa 30. Duka la mangi lingeshafungwa.

Betri ya risasi kama hiyo yako ikikaa na njaa, salfeti (chumvi ya risasi na asidi) inaganda kwenye sahani. Mwanzoni ukichaji inayeyuka. Ikikaa wiki baada ya wiki inakuwa kama jiwe, na nafasi ya kuhifadhi moto imeondoka. Iliyojaa na kutulia husoma 12.6 au 12.7; 12.1 ni nusu, wewe uko chini ya hapo kila asubuhi.

Ya maji inataka ipandishwe hadi 14.4 au 14.6 na ishikiliwe hapo saa mbili tatu, ndipo ishushwe 13.6 hivi. Na N100 inataka karibu ampea 10. Ongeza paneli ya wati 100 ya volti 12, unganisha sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), na kontrola iwe ya ampea 20.

Asidi usirudie kuongeza! Kinachopungua ni maji, asidi haiendi popote. Ukiizidisha inakula sahani. Weka maji ya betri tu, tena baada ya kuchaji, isipokuwa kama sahani zimeachwa wazi.

MamaVifaranga:
Angalia na kontrola. Yangu ina sehemu ya kuchagua aina ya betri, b1, b2, b3, na ya maji ni b3. Fundi aliiacha b2, ya jeli, mwaka mzima. Halafu mashine za kunyolea, kama ni za kuchaji, zichajie saa sita mchana, usiku zisiguse betri.

Kinyozi_Sengerema:
Nimebonyeza sasa hivi. Iko b2 😭 Jumamosi naenda Mwanza kuchukua paneli.

FundiJua:
Ngoja kwanza. Badili iwe b3, siku tatu TV ipumzike, hata kama Simba na Yanga wanacheza. Kisha azima haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, upime seli zote sita. Asidi aliyoongeza itadanganya kidogo, kwa hiyo angalia tofauti ya seli na seli. Tano zikisoma 1.25 na moja 1.15, hiyo moja imekufa, na paneli mpya haitaifufua. Rudi na namba zote sita.