MJADALA: Kompyuta ikiandika uthibitisho wa hesabu, itaje sababu kila hatua?

Darubini: Wakuu, miaka ya 1990 kule Saarbrücken, Ujerumani, Xiaorong Huang alitengeneza PROVERB, programu ya kugeuza uthibitisho wa mashine uwe maandishi ya Kiingereza. Kila hatua inaamua: sababu itajwe wazi, idokezwe, au iachwe kwa kuwa msomaji angali anayo akilini. Napinga. Uthibitisho ni kutaja kila kitu. Na Kiswahili chetu ndiyo kabisa, hakiwezi kudokeza bila utata.

MwalimuZawadi: Hakiwezi? Kwa Kiingereza mstari, pembe, duara, vyote ni "it". Sisi tuna mstari huo, pembe hiyo, duara hilo. Ngeli inakuelekeza kwenye kitu chenyewe. Usitukane lugha usiyoijua.

Bandari_Kuu: Duara HIYO, mwalimu.

MwalimuZawadi: Na "maduara" yametoka wapi? Duara hilo!

Bandari_Kuu: Nyumbani kwetu tunasema duara hii, duara hizi, tangu babu. Hiyo maduara ni ya shuleni.

Mama_Asha: Jamani, mnavyogombea ndivyo swali lilivyo. Tukisema duara hiyo, basi "hiyo" inabeba pembe na duara pamoja, na kompyuta italazimika kurudia jina. Tukisema hilo, inaweza kulitupa jina. Bandari, sisemi babu alikosea.

Bandari_Kuu: Umeshasema.

Darubini: Hamjanijibu. "Mstari AD unakata upande BC. Huo ni mrefu kuliko AB." Huo upi? Mstari na upande wote ni u-. Ngeli imekusaidia nini, mwalimu?

MwalimuZawadi: Hapo nitaandika "upande huo". Neno moja tu, sirudii sentensi nzima! Nimesahihisha madaftari miaka 19. Mtoto anayeandika sababu mpaka ya kujumlisha, ukimuuliza hoja yake inaelekea wapi hajui. Inaniuma.

Mama_Asha: Hapo niko na mwalimu, ila kuna kitu mnakiruka. Sababu kuwa karibu na akili ya msomaji si idadi ya mistari. Ukigawa uthibitisho katika hali mbili, jambo ulilopata ndani ya hali ya kwanza linafungwa nayo, hata kama liko mistari mitatu juu. Lakini dhana uliyoweka mwanzoni, kabla ya kugawa, bado inatumika. Nayo msomaji ameshaisahau. Hiyo ndiyo itajwe kwa jina.

Darubini: Dhana hiyo au jambo hilo?

Mama_Asha: Dhana. Nimesema "hiyo".