Flashi haida au mazo breki, ipi inaua mwanga kweli? Video yangu imenichanganya

Mlenga Jioni:

Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie maana nimejikoroga mwenyewe. Nina raifo ya risasi za milimita 5.56, mtutu wa inchi 14.5, ilikuja na flashi haida ya kawaida (kibati cha mdomoni cha kupunguza mwanga wa risasi), ile ya kizimba yenye matundu matano juu na pembeni, chini imezibwa. Jamaa mmoja ninayepiga naye shabaha akaniazima vitu viwili nijaribu, mazo breki ya vyumba vitatu (kibati cha mdomoni cha kupunguza teke) na flashi haida ya meno manne yaliyo wazi mbele kama uma. Juzi jioni giza limeshaanza kuingia tukasimamisha simu kwenye stendi nyuma yangu kidogo, nikapiga risasi moja kwa kila kifaa huku simu inarekodi.

Sasa matokeo ndo yameniacha hoi. Kwenye video breki haionyeshi kitu, giza tupu na kamoshi. Kizimba kimetoa mpira wa moto wa rangi ya chungwa mkubwa kama tikiti. Meno manne kidoti tu. Kwa hiyo ukiangalia video breki imeshinda, ila mimi nilikuwa nyuma ya bunduki na naapa breki ndo iliyonipofusha, nilibaki naona madoa ya kijani machoni hadi nikashindwa kuona magazini niliyoiweka mbele yangu mwenyewe. Jamaa anasema macho yangu ndo mabovu, video haidanganyi.

Nani mkweli hapa, mimi au simu?

Fundi wa Mtutu:

Simu ndo muongo mkuu, macho yako yako salama.

Piga hesabu hivi. Simu ikirekodi fremu 30 kwa sekunde, kila fremu inachukua milisekunde 33 hivi. Lakini shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, haibaki wazi muda wote huo, tuseme imejiweka 1/60 ya sekunde, basi iko wazi milisekunde 17 halafu nusu ya pili ya fremu simu imefumba jicho. Mwanga wa mdomo wa bunduki unawaka na kuzima ndani ya milisekunde chache tu. Kwa hiyo risasi yako ya breki iliangukia simu ikiwa imefumba na ya kizimba ikaangukia imefumbua, basi. Ungerudia ungeweza kupata kinyume chake. Na hapo hatujasema kwamba simu inajirekebishia mwanga yenyewe kila giza linavyoongezeka, kwa hiyo hata hizo ulizozipata hazilingani.

Ndo maana video za watu wanaoshindanisha vifaa kwa risasi moja moja mi huwa naangalia kama burudani tu.

Kuhusu swali lenyewe, ngoja nieleze kidogo maana wengi wanadhani flashi haida inaficha moto kama vile unavyofunika taa kwa kikombe. Hapana. Risasi ikishatoka, nyuma yake inakuja gesi ya moto kwa presha kubwa. Pale mdomoni kwenyewe kuna kamwanga kadogo, hako hakana shida. Gesi ikifika mbele kidogo inakuwa imetanuka kupita kiasi, inakutana na ukuta wa wimbi la mshtuko, wanauita diski ya Mach, na ikivuka ukuta huo inapashwa moto upya ghafla. Sasa kumbuka baruti haiungui ikaisha, gesi inayotoka imejaa kaboni monoksaidi na haidrojeni, yaani ni mafuta yanayotafuta oksijeni. Ikichanganyika na hewa ikiwa bado ina joto la kutosha, inawaka. Ule mpira wa tikiti uliouona ndo huo, ni moto wa pili, umewaka nje ya bunduki kabisa.

Flashi haida nzuri inazuia ule moto wa pili usishike. Meno yako manne yanafanya gesi ianze kutanuka kidogo kidogo ikiwa bado katikati ya meno, badala ya kutoka yote kwa mpigo, lile diski halipati nafasi ya kujijenga vizuri na gesi inapoa kabla haijapata hewa ya kutosha. Kizimba kinafanya kazi hiyo hiyo ila mbele kimefungwa pete, kwa hiyo hakiifanyi vizuri kama meno.

Breki sasa ni mnyama mwingine. Kazi yake ni kupunguza teke. Inaweka ukuta mbele ya gesi, gesi inagonga ukuta na kutupwa pembeni, ule mgongano ndo unaovuta bunduki mbele. Lakini gesi ukiigongesha ukutani inapata joto tena, na umeirusha kwenye hewa safi kushoto na kulia. Umeiwashia jiko. Breki nyingi ukizipiga picha sawasawa usiku utaona mabawa mawili ya moto kama kipepeo, na aliye nyuma ya bunduki anayaona yote mawili. Ndo yaliyokupofusha.

Baruti Kavu:

Maelezo marefu ya nini, weka sailensa umalize. Inazima mwanga kuliko vyote hivyo na masikio yanapumzika.

Fundi wa Mtutu:

@Baruti Kavu ni kweli kwa sehemu kubwa, ila usisahau risasi ya kwanza. Sailensa ikiwa imekaa ina hewa ndani, na hewa ina oksijeni, ile gesi ya kwanza inapata oksijeni mle mle chumbani na inawaka. Risasi ya kwanza inaweza kutoa mwanga na kishindo kuliko zinazofuata, kuanzia ya pili ndani kumeshajaa gesi iliyoungua basi inatulia. Halafu hajauliza sailensa, ameuliza vya kwake alivyonavyo.

Bibi Shabaha:

Wanangu mnabishana kuhusu kibati cha mbele, mbona hakuna aliyeuliza anapiga risasi gani?

Mimi nimeanza kulenga shabaha kabla wengine humu hamjazaliwa, na nawaambia vitu viwili vinaamua mwanga kabla hata hujafunga kifaa chochote. Cha kwanza urefu wa mtutu. Mtutu wa inchi 20 baruti inapata muda wa kuungua ndani na presha inakuwa imeshuka risasi inapotoka. Ukija inchi 14.5 presha bado iko juu, ukishuka hadi inchi 10 ni tochi hiyo. Muulizeni aliyetengeneza AKS-74U, ile bunduki fupi ya Kisovieti, mtutu wake ni kama sentimita 21 tu, ilibidi wamfungie mbele kidude kizima chenye koni na chumba cha kutanulia gesi. Marekani nao walipofupisha raifo yao ya M16 kuwa XM177 wakakuta kelele na moto havivumiliki, wakaweka kifaa kirefu cha inchi 4 na robo mbele yake.

Cha pili baruti. Kuna baruti zinawekewa chumvi za potasiamu ndani yake, potasiamu sulfeti kwa mfano, kazi yake ni kuuvuruga ule moto wa pili kikemia usishike. Risasi mbili za kaliba moja, uzito mmoja, kwenye bunduki ile ile na kizimba kile kile, moja inakupa cheche mbili tatu na nyingine inakupa tikiti la mjukuu wangu huyu. Kwa hiyo kijana, kwanza angalia kama ulitumia boksi moja kwa vifaa vyote vitatu.

Na mwelewe pia flashi haida iliwekwa kwa ajili ya nani. Watu wanadhani ni ya kumficha mpigaji asionekane na aliye mbele. Inasaidia, lakini kilio cha kwanza kilikuwa macho ya mpigaji mwenyewe. Jicho linachukua nusu saa hivi kuzoea giza vizuri, mwanga mmoja mkali unakurudisha mwanzo. Ile Lee-Enfield fupi ya Waingereza ya 1944, namba 5, ina koni kubwa mbele kama tarumbeta. Koni ile inamkinga mpigaji kuliko inavyozima moto. Ukikaa pembeni yake unauona mwanga vizuri tu.

Baruti Kavu:

Shikamoo bibi. Kama meno ni bora hivyo mbona majeshi mengi bado yako na kizimba?

Bibi Shabaha:

Marahaba. Yalishatumika hayo. M16 za mwanzo kule Vietnam zilikuwa na meno matatu wazi, kwa mwanga zilikuwa nzuri, ila porini meno yananasa kila kitu, majani, vijiti, mizizi inayoning'inia. Wanasimulia pia askari walikuwa wanayatumia kukatia waya uliofungia makasha ya chakula, wanaingiza waya katikati ya meno wanakunja bunduki hadi waya ukatike, fikiria mtutu unavyoteseka. Wakafunga pete mbele, ndo kikazaliwa kizimba. Baadaye kwenye M16A2, toleo lililofuata, wakaziba matundu ya chini ili ukilala chini kupiga usijirushie vumbi usoni, na pia gesi ikitoka juu tu inausukuma mtutu chini kidogo. Ndo hiyo ya kijana. Hicho kizimba ni mapatano, mwanga kidogo, vumbi kidogo, uimara mwingi.

Mlenga Jioni:

Duh bibi asante, umenikamata. Nimeangalia maboksi, breki na kizimba nilitumia aina moja, meno nikatumia nyingine maana ya kwanza ilikuwa imeisha 🙈

Fundi nifanyeje sasa nipime vizuri? Sina vyombo vya maabara, nina kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi na tripodi.

Fundi wa Mtutu:

Hiyo inatosha kabisa. Subiri giza kamili, sio magharibi, maana mwanga wa mbingu unabadilika kila dakika na unakuharibia ulinganisho. Weka kamera pembeni kwa mshazari, ila NYUMA ya mstari wa kupigia, sitaki kusikia mtu amesimama mbele ya mdomo kwa ajili ya picha. Zima kila kitu cha otomatiki. Fokasi weka kwa mkono ukiwa bado na tochi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) na tundu la lenzi chagua namba moja usiiguse tena hadi mwisho, shata iwe wazi sekunde mbili au tatu. Mmoja anafungua shata, anasema "piga", unapiga risasi moja, shata inafunga. Hapo hata mwanga uwe mfupi vipi umenaswa wote, hakuna cha kufumba jicho.

Piga angalau tano kwa kila kifaa, kumi ikiwezekana, boksi moja la risasi kwa wote. Risasi haziwaki sawa, hata kifaa kizuri kina siku kitakutolea bonge la moto moja katikati ya tano, na hiyo moja ndo ungeipata kwenye mtindo wako wa juzi ukakitupa kifaa bure. Kati ya kifaa na kifaa toa magazini, hakikisha chemba tupu kwa macho na kidole, acha mtutu upoe ndo uanze kufungua thredi. Vaa kinga ya masikio, na siku ya breki jamaa yako asikae ubavuni.

Cheche usizihesabu kama moto. Zile ni punje za baruti zinazotoka zikiwaka, hakuna kibati kinachozizuia.

Na kama mna darubini ya usiku msitegemee picha hizi kuwaambia itakavyoonekana humo, kile kifaa kinaona hadi mwanga ambao jicho halioni. Kidoti kwako kinaweza kuwa ua zima kwake.

Mlenga Jioni:

Nimerudi wakuu. Tulienda jana, giza la kutojiona mkono. Risasi tano kwa kila kifaa, halafu nikarudia kizimba na meno kwa ile aina ya pili ya risasi.

Breki: picha zote tano zina mabawa. Zote. Manjano katikati, chungwa pembezoni, na kwenye mwanga huo unaona hadi sura yangu nimefumba jicho moja na maganda ya zamani yaliyolala chini. Jamaa alikaa nyuma akaona kwa macho yake, amekaa kimya tangu jana.

Kizimba: picha tatu zina kitu kama ulimi wa mshumaa unaotoka juu, moja ina tikiti, moja karibu hamna kitu. Kama fundi ulivyosema, ningepiga moja tu ningeweza kuandika hadithi yoyote.

Meno: nne ni kidoti chekundu pale pale mdomoni na cheche, moja ina moto mdogo wa saizi ya ngumi. Ila jamani hicho kitu kinalia! Kila risasi baada yake nasikia "tiiing" kama umegonga bilauri, nikadhani kimelegea nikakikagua, kumbe kimekaza vizuri.

Fundi wa Mtutu:

Ndo tabia yake, meno marefu ni kama uma ukiugonga mezani. Wengine wanayapinda kidogo kwa msokoto au kufanya mazito zaidi ili kupunguza. Haina madhara, kero tu. Aina ya pili ya risasi je?

Mlenga Jioni:

Hapo ndo nimeshangaa. Kizimba kwa risasi ya aina ya pili, picha zote tano ni kidoti na cheche, nikiziweka pembeni ya picha za meno kwa risasi ya kwanza siwezi kuzitofautisha, nimezichanganya nikashindwa kujua ipi ni ipi hadi nikaangalia namba za mafaili. Meno kwa aina hiyo ya pili ni giza kabisa, picha mbili nilidhani shata haikufunguka.

Bibi Shabaha:

😄 Nilisema mimi. Sasa nunua risasi hizo, kibati ulichonacho kinatosha.

Baruti Kavu:

Bado nasema sailensa.

Mlenga Jioni:

Bibi nimekuelewa. Breki nimeshamrudishia jamaa. Meno hajayaulizia bado na mimi sijamkumbusha.