Kusafirisha samaki hai wa mapambo kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam

Mkazi wa Ujiji: Ndugu zangu, ninataka kupeleka samaki hai wa Ziwa Tanganyika hadi Dar es Salaam kwa treni ya reli ya kati, safari inayozidi kilomita 1,200. Niwafungashe vipi?

Mfugaji wa Mwanga: Ndugu, usiwalishe kwa saa 24 hadi 48 kabla ya safari, kwa sababu uchafu wao huzalisha amonia, kemikali yenye sumu. Tia maji theluthi moja ya mfuko na oksijeni theluthi mbili, kisha tumia mfuko wa pili juu yake, kwani miiba hutoboa.

Mama Samaki: Naomba kuongeza kuhusu kuwapokea, jambo ambalo wengi hulipuuza. Hewa ukaa wanayoitoa samaki hushusha pH (kipimo cha asidi ya maji; ikishuka, asidi imeongezeka) ndani ya mfuko na kupunguza makali ya amonia. Mfuko ukifunguliwa, hewa hiyo hutoka, pH hupanda, na amonia hugeuka sumu kali. Kwa hiyo mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa hadi joto lilingane, kisha ufunguliwe na samaki wahamishwe mara moja, bila kumimina maji ya mfuko tangini.

Mkazi wa Ujiji: Asanteni sana. Nitamweleza mpokeaji.

Mfugaji wa Mwanga: Mwambie pia aandae maji yenye pH inayokaribia 9, kama ya ziwani.