Aikido Kampala: mazoezi ya jioni, ya alfajiri, au ningoje semina tu?

Fundi_wa_Bweyogerere

Jamani habari za usiku. Nina miaka 38, natengeneza simu mjini karibu na Old Taxi Park, nalala Bweyogerere. Mwezi uliopita mteja alinialika kwenye maonyesho ya aikido, ile sanaa ya Kijapani ya kujihami. Nikamwona mama mmoja mfupi, rika la shangazi yangu, anamzungusha jamaa wa kilo tisini kama anayefungua mlango wa stoo. Tangu siku hiyo sijatulia.

Nimezunguka nikapata njia tatu.

Ya kwanza ni darasa la jioni, Jumanne na Alhamisi, saa 12:30 hadi 2:30 usiku, ukumbi wa shule upande wa Ntinda. Ada 120,000 kwa mwezi. Watu wamejaa, kama ishirini.

Ya pili ni alfajiri, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 12:15 hadi 1:15 asubuhi, upande wa Kabalagala. Ada 100,000. Nilichungulia dirishani nikahesabu watu watano, mmoja anapiga miayo.

Ya tatu, nisijiandikishe popote. Nitazame video nyumbani, kisha nilipie semina tu akija mwalimu mgeni. Siku mbili 80,000, mara nne hivi kwa mwaka. Hiyo ni 320,000 kwa mwaka mzima, wakati zile mbili zote zinavuka milioni. Nisiwafiche, hii ndiyo inayonivuta.

Rafiki yangu naye ananicheka, anasema niache dansi ya Wajapani niende judo. Nishaurini kabla sijatoa pesa.

Mama_Kyambogo

Kaka, anza na barabara. Ufunge duka saa 12, utoke Old Taxi Park ufike Ntinda saa 12:30? Kwa barabara ipi? Utawakuta wanakunja mikeka. Mimi niko Kyambogo, pua na mdomo na Ntinda, na mvua ikinyesha bado nachelewa. Ukichukua boda kwenda na kurudi, mwisho wa mwezi nauli inapigana kumbo na ada.

Alfajiri unapanda taksi ya kwanza, barabara nyeupe, saa 1:15 umemaliza, unakunywa chai na rolex ya moto, chapati yenye mayai, unafungua duka. Ubaya wake ni mmoja tu: unalala saa 3 usiku kama kuku.

Na hao watu watano usiwadharau. Mimi nasoma hilo hilo darasa la jioni. Watu ishirini kwenye mikeka ya watu kumi na wawili, nusu ya kipindi umesimama ukutani unangoja zamu yako ya kuanguka.

Jo_la_Mkalitusi

Huu ni mwaka wangu wa tisa, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Ndugu Fundi, njia ya tatu ifute. Semina ni nzuri, naenda kila nikiweza, lakini kwa anayeanza ni kitoweo bila posho. Tatizo ni kuanguka. Kila mbinu ya aikido ina watu wawili, nage anayetupa na uke anayetupwa, na mnapokezana: kulia, kushoto, kuingia mbele ya mtu, kugeukia nyuma yake, kisha mwenzako naye. Kwa hiyo nusu ya mazoezi unayamaliza ukiwa chini. Kwenye semina mwalimu anaonyesha kotegaeshi, mbinu ya kumwangusha mtu kwa kukunja kifundo cha mkono, kwa dakika tatu, anapiga makofi, mnaanza. Hakuna atakayekaa na wewe pembeni akufundishe kuanguka. Mwalimu anajua umekuja nako kutoka kwenu.

Na video haikusaidii hapo. Mimi kujibiringisha mbele kulinichukua wiki tatu. Mwalimu alinipigisha goti moja, akanikunja mkono wa mbele uwe mviringo kama ukingo wa ungo, akaniambia nipite juu yake: ukingo wa kidole kidogo, kiwiko, bega, halafu mgongo kwa mshazari mpaka nyonga ya upande wa pili. Kichwa kisiguse kabisa. Siku ya kwanza bega lililia "ko" hadi watu wakageuka. Wakati huo hatukuwa na mikeka ya maana, tulikuwa na turubai juu ya maranda ya mbao. Kila ukianguka maranda yanasogea, kwa hiyo pale pale ulipoangukia jana leo pana shimo. Wiki ya tatu, Alhamisi, nikabiringika nikajikuta nimesimama na sijasikia kitu. Nikamuuliza mwenzangu kama kweli nimeanguka.

Sasa hesabu, kwa sababu wewe umeanza na pesa. Kanuni za Aikikai, shirika kuu la aikido lenye makao Tokyo, zinahesabu siku za mazoezi kabla ya kila mtihani. Kyu ni daraja za kabla ya mkanda mweusi: kyu ya tano siku 30, ya nne 40, ya tatu 50, ya pili 50, ya kwanza 60, na mkanda mweusi 70. Jumla 300. Ukienda jioni mara mbili kwa wiki ni miaka mitatu. Alfajiri mara tatu ni miwili tu. Hiyo ni kama hujawahi kuugua, kufiwa wala kuvurugwa na mvua, kwa hiyo ongeza. Kwa semina, siku nane kwa mwaka, hata zote zikihesabiwa, ni miaka 37. Utafunga mkanda mweusi ukiwa na 75.

La mwisho. Watu wa Kampala wanadhani darasa la alfajiri ni la walioshindwa kupata nafasi jioni. Hombu Dojo, ukumbi mkuu wa mazoezi kule Tokyo, darasa la kwanza la siku linaanza saa 12:30 asubuhi, na desturi ni kwamba hilo ndilo la Doshu mwenyewe, yaani kiongozi mkuu, Moriteru Ueshiba, mjukuu wa mwanzilishi Morihei Ueshiba.

Mlinzi_wa_Zamu

Shikamoo mzee Jo. Umesema kweli lakini umesema kama mtu mwenye ratiba. Mimi ni askari wa kampuni, wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Nililipa ada ya mwezi mzima nikahudhuria mara mbili. Bila semina ningekuwa nimeshaacha.

Halafu semina ina kitu ambacho dojo yenu haina: mikono ya wageni. Kwenu unamzoea rafiki yako, anajua unataka kwenda wapi, anakufuata. Siku moja nilipangwa na seremala kutoka Jinja, alinishika kifundo cha mkono kama koleo. Shihonage yangu, mbinu ya kutupa niliyokuwa najivunia, ikafia pale pale. Nilijifunza zaidi kwa dakika kumi hizo kuliko miezi miwili.

Ila Fundi, angalia na nani anaandaa. Kuna mahali, sipataji, nililipishwa semina pamoja na mtihani. Nikarudi nyumbani Jumapili na cheti cha kyu ya tano, na gi, nguo ya mazoezi, nilikuwa nimeivaa mara ya kwanza Jumamosi. Nimekificha chini ya godoro. Nikikitundika mtu atasema nimwonyeshe ikkyo, mbinu ya kwanza kabisa.

Jo_la_Mkalitusi

Marahaba. Hicho cheti ndicho mfano wa nilichokuwa nakisema. La mikono ya wageni nakubali asilimia mia, kuzoeana ndani ya dojo ni ugonjwa wetu. Kwa mwenye zamu kama wewe, walimu wengine wanakubali ulipe kwa kipindi badala ya mwezi. Wengi hawatangazi, lakini ukiuliza wanakubali.

Judoka_wa_Arua

Mmeniita bila kunitaja. Rafiki yake Fundi hajakosea sana. Judo unashika mtu ambaye hataki kuanguka, na yeye anakushika vile vile. Baada ya dakika nne za randori, yaani kupambana huru, hakuna ubishi nani kamwangusha nani. Aikido karibu yote haina mashindano, ukiacha tawi la Kenji Tomiki, na huyo alikuwa mtu wa judo kwanza. Kwa hiyo unaweza kukaa miaka mitano unatupa watu wanaokubali kutupwa.

Nikubali na upande wa pili. Jigoro Kano aliyeanzisha judo mwaka 1882 alimwona Morihei Ueshiba akifanya mazoezi mwaka 1930, akawatuma wanafunzi wake wakajifunze kwake. Kama Kano hakucheka, mimi ni nani. Na umri nao unasema. Mimi nina 33, bega limeshatoka mara mbili, nikipiga chafya nalishika. Kama Fundi anataka medali, amechelewa. Kama anataka kufika miaka 65 anainuka kwenye mkeka bila kushika ukuta, aende huko huko aikido. Msimdanganye tu kwamba kotegaeshi itamwokoa na vibaka watatu wenye nondo. Hapo dawa ni mbio.

Mama_Kyambogo

Vibaka wenye nondo hata judo haiwawezi, kaka.

Binti_wa_Bombo

Assalaam alaykum. Kuna kitu hamjakigusa na kinawarudisha watu wengi mlangoni. Picha ya mzee ukutani. Kipindi kikianza wote wanapiga magoti, wanainamia upande wa picha ya Morihei Ueshiba, kisha wanainamiana. Mimi ni Mnubi wa Bombo, nimelelewa kwamba kichwa hakishuki kwa picha. Nilimwendea mwalimu kabla ya kulipa. Akaniambia kwa mwenzako inama kama unavyotoa salamu, kwa picha weka mkono kifuani utulie. Yakaisha. Darasani nina walokole wawili wanafanya hivyo hivyo. Dojo nyingine nilikouliza walinikunjia uso, sikurudi.

Hijabu si tatizo, lakini vaa ile ya kuvuta kichwani, isiyo na pini. Pini na ukemi, yaani kuanguka, havipatani, niulizeni mimi.

Kuhusu saa: Ramadhani darasa la alfajiri ni mateso, umetoka kula daku, unatoka jasho, halafu unashinda na kiu mpaka magharibi. La jioni linagongana na futari. Mwezi huo mimi nafanya jo tu, mazoezi ya fimbo, polepole, bila kuanguka.

Fundi_wa_Bweyogerere

Asanteni sana, ile miaka 37 imeniua. Semina nimeifuta, angalau kwa sasa.

Maswali mawili. Goti la kushoto liliumia 2019, boda ilinilaza. Nimeona wanakaa wamekunja magoti muda mrefu. Pili, nikusanye pesa ya gi, jo, upanga wa mbao na ile sketi nyeusi?

Jo_la_Mkalitusi

Goti: mwambie mwalimu siku ya kwanza, kabla hujavua viatu. Kaa umekunja nne, na wakifanya mbinu za kupiga magoti wewe fanya umesimama. Mwalimu akikulazimisha, vaa viatu vyako urudi Bweyogerere.

Vifaa: usinunue chochote mwezi wa kwanza. Suruali ya michezo na fulana nzito ya mikono mirefu vinatosha. Ukiona umebaki, nenda soko la Owino, gi za judo za mtumba zinapatikana ukiwa na subira ya kuchambua. Hiyo "sketi" ni hakama, kwenye dojo nyingi ni ya mkanda mweusi, iache ipumzike.

Jo ni fimbo ya sentimita 128, unene kama mpini mwembamba wa jembe. Mimi nilichongewa Ndeeba. Fundi aliniuliza mara tatu kama ni ya kuchungia ng'ombe au ya kupigia mke, nikamwambia ya kupigia hewa, akanipunguzia bei kwa huruma. Kosa langu ni kuchukua mkalitusi mbichi. Baada ya mwezi ulipasuka kwa urefu, ndilo jina langu humu. Dai mbao iliyokauka, na utazame nyuzi zake ziwe zimenyooka toka ncha hadi ncha.

Na semina usizifute moja kwa moja. Ukishajua kuanguka, nenda. Matukio ya dojo pia yana ladha yake. Januari kuna kagami biraki, ufunguzi wa mwaka, watu wanafanya mazoezi halafu wanakula pamoja. Mwishoni mwa Aprili tunamkumbuka Ueshiba, alifariki tarehe 26 Aprili 1969. Wajapani pia wana kangeiko, mazoezi makali ya katikati ya baridi. Mwaka mmoja tukajaribu hapa Kampala. Baridi ya wapi? Tulitoka jasho kama kawaida. Labda tuhamie Kabale.

Fundi_wa_Bweyogerere

Wakuu, narudisha majibu. Jumatano nimekwenda alfajiri. Nimetoka nyumbani saa 11 kasoro, kondakta ananitazama kama mwizi anayerudi kazini.

Tulikuwa sita. Yule aliyekuwa anapiga miayo ndiye mwalimu. Nikamweleza goti, akaliangalia, akaniambia leo hutashika mtu yeyote. Saa nzima nimeanguka. Goti moja, mkono kama ungo, bega, nyonga, simama, rudia. Wenzangu wanatupana pale katikati, mimi na ukuta wangu. Nilihesabu mpaka arobaini na kitu nikaacha. Bega la kulia lina alama ya zambarau saizi ya chapati. Mchana mteja ameniletea simu ya kubadilisha kioo, nimeshindwa kushika bisibisi sawasawa, nikamwambia arudi kesho.

Nimelipa mwezi mmoja. Ijumaa narudi.

Judoka_wa_Arua

Kichwa kiligusa?

Fundi_wa_Bweyogerere

Mara mbili.

Jo_la_Mkalitusi

Bega la kushoto je? Au ulifanya kulia tu?

Fundi_wa_Bweyogerere

Mzee, kumbe kuna na kushoto?